Haki za majimbo Marekani: Silaha isiyo na mwenyewe

MWEZI wa Januari 2024, Gavana Greg Abbott wa Texas aliitangazia serikali ya Rais Joe Biden kwamba jimbo lake lina haki ya kikatiba ya kujilinda dhidi ya uvamizi, na kwamba haki hiyo inazishinda sheria za Washington zinazokwenda kinyume nayo. Uvamizi aliousema ni wahamiaji waliokuwa wakivuka mto Rio Grande kutoka Mexico. Wanajeshi wa jimbo walikuwa wameitwaa bustani ya umma mjini Eagle Pass, wakaizungushia seng'enge na kuwazuia maafisa wa mpakani wa serikali kuu wasiingie. Magavana 25 wa chama cha Republican walitoa taarifa ya kumuunga mkono.

Kabla ya miaka miwili kwisha, Oktoba 2025, wanajeshi wapatao 200 wa kikosi cha Walinzi wa Taifa kutoka Texas hiyo hiyo waliwasili Illinois kwa amri ya Rais Donald Trump. Illinois ni jimbo lenye gavana wake, katiba yake na wanajeshi wake. Gavana JB Pritzker hakuwaomba wageni hao. Aliwapinga hadharani na mahakamani. Aliyewaruhusu waende ni Gavana Abbott.

Msomaji atakayeziweka habari hizi mbili sambamba atamwita Abbott kigeugeu, nami sitamtetea. Lakini si haki kudhani kwamba ugonjwa huo ni wa gavana mmoja au wa chama kimoja. Kwa zaidi ya miaka 200, kila kundi lililoshindwa kuishika Washington limekimbilia haki za majimbo, na kila kundi lililoishika limeziona haki hizo kuwa kikwazo. Walioiandika Katiba ya Marekani wenyewe ndio walioanza mchezo huo, na waliweza kuucheza kwa sababu waliliacha wazi swali kuu kuliko yote: baina ya jimbo na serikali kuu, nani ana kauli ya mwisho?

Kwetu Kenya, kaunti 47 ni watoto wa Katiba ya 2010. Nchi ilikuwapo kwanza, kisha ikagawa sehemu ya madaraka yake. Kule mambo yalikuwa kinyume. Makoloni 13 yaliyoasi utawala wa Uingereza mwaka wa 1776 yalijihesabu kuwa nchi 13, na hayo ndiyo yaliyoizaa serikali kuu. Yaliizaa kwa shingo upande.

Jaribio lao la kwanza halikuwa serikali hata kidogo. Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika mwaka wa 1781, uliunda Bunge la Congress ambalo kila jimbo, kubwa kwa dogo, lilikuwa na kura moja. Hapakuwa na rais mwenye mamlaka wala mahakama kuu. Congress ilikuwa na madeni makubwa ya vita, lakini haikuruhusiwa kumtoza mwananchi hata senti moja. Kazi yake ilikuwa kuyaandikia majimbo barua za kuomba michango, nayo majimbo yakalipa kidogo, au yakachelewa, au yakanyamaza.

Lilipotolewa pendekezo kwamba Congress iruhusiwe kutoza ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa kutoka ng'ambo, Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, lilikataa mwaka wa 1782, na kwa kuwa mabadiliko yalihitaji kibali cha majimbo yote 13, pendekezo likafia hapo. Wakati huo huo New York ilikuwa ikiwatoza ushuru jirani zake wa New Jersey na Connecticut kana kwamba ni mataifa ya kigeni.

Kilichowatia hofu wenye mali ni maasi ya Massachusetts ya 1786 na 1787. Wakulima waliolemewa na madeni na kodi, wengi wao wakiwa wapiganaji wa zamani wa vita vya uhuru, walimfuata Kapteni Daniel Shays na kuzifunga mahakama ili mashamba yao yasinadiwe. Congress haikuwa na jeshi la kuwatuliza. Maasi yalizimwa na kikosi kilichogharimiwa na matajiri wa Boston kwa fedha zao wenyewe. Serikali inayosubiri wafanyabiashara wachangishane ndipo iweze kulinda mahakama zake, hiyo imebaki jina tu.

Basi mnamo Mei 25, 1787, wajumbe walianza kukutana Philadelphia. Kwa jumla walihudhuria 55, kutoka majimbo 12. Rhode Island ilisusia. Walitumwa kuurekebisha Mkataba, wao wakautupa. Walikutana faraghani katikati ya joto la kiangazi, madirisha yakiwa yamefungwa, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa wa hesabu: je, majimbo yawakilishwe kwa wingi wa watu au kwa usawa?

Virginia, iliyokuwa na watu wengi, ilitaka idadi ya watu itumike. Delaware na New Jersey ziliona kwamba huko ni kumezwa. Mkutano ulikaribia kuvunjika. Julai 16 ukapatikana mwafaka uliosukumwa na wajumbe wa Connecticut, akiwamo Roger Sherman: Bunge la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, na katika Seneti kila jimbo liwe na viti viwili. Kura ilikuwa majimbo matano dhidi ya manne, huku wajumbe wa Massachusetts wakigawanyika nusu kwa nusu.

Nalitaja tokeo la kura hiyo kwa makusudi. Wapo wanaoizungumzia Seneti ya Marekani kana kwamba ni hekima iliyoshushwa kutoka mbinguni. Ilikuwa bei. Majimbo madogo yaliuza idhini yao, na mnunuzi bado analipa: leo Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina maseneta wawili, na California, yenye watu wapatao milioni 39, ina wawili.

Bei nyingine ililipwa kwa miili ya watu wasiokuwa ndani ya chumba kile. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe katika kugawa viti vya Bunge, ingawa watumwa hao hawakuwa na kura wala haki. Ikakubaliwa kila watumwa watano wahesabiwe kuwa watu watatu. Ikakubaliwa pia kwamba Congress isipige marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808, na kwamba mtumwa atakayetorokea jimbo jingine arejeshwe kwa mwenyewe. Kifungu hicho cha mwisho hakikusema nani atakayemrejesha. Tukikumbuke, kwa maana kitazua makubwa.

Wajumbe 39 walitia saini Septemba 17, 1787. Kilichobaki ni kuwashawishi wananchi, na kazi hiyo ilifanywa magazetini. Alexander Hamilton, James Madison na John Jay waliandika makala 85, nyingi zikichapishwa kwanza katika magazeti ya New York, wakijificha nyuma ya lakabu moja, Publius. Leo makala hayo husomwa vyuoni kama maandiko ya falsafa, lakini yaliandikwa mbiombio kuwahi gazeti la kesho, na waandishi walikuwa mawakili wa upande mmoja. Madison aliwahakikishia wasomaji kwamba mfumo mpya si serikali moja ya taifa zima wala si muungano mtupu wa majimbo, bali mchanganyiko wa hayo mawili. Maelezo hayo yalikuwa sahihi. Yalikuwa pia njia ya kutojibu swali.

Maandishi ya Katiba yenyewe yanamruhusu kila mtu aondoke na jibu alilolitaka. Kifungu cha kwanza kinaorodhesha mamlaka ya Congress: kutoza kodi, kukopa, kusimamia biashara baina ya majimbo, kutangaza vita. Anayependa majimbo husema orodha ni mpaka. Lakini mwishoni mwa orodha Congress inapewa uwezo wa kutunga sheria zote zitakazohitajika na kufaa ili kutekeleza mamlaka hayo, na anayependa serikali kuu husema hapo ndipo mlango ulipo. Kifungu cha sita kinatamka kwamba Katiba na sheria za nchi zilizotungwa kwa mujibu wake ndizo kuu. Kisha Rekebisho la Kumi, la 1791, linasema kwamba mamlaka ambayo hayakukabidhiwa serikali kuu wala kukatazwa majimbo yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Sisi tunaohariri magazeti tunaujua uzito wa neno moja lililokatwa. Mkataba ule wa zamani ulisema majimbo yanabaki na kila mamlaka ambayo hayakukabidhiwa Congress waziwazi. Rekebisho la Kumi lilipojadiliwa, kulitolewa pendekezo neno hilo lirudishwe. Madison alipinga, nalo likaachwa nje. Mwaka wa 1819 Mahakama ya Juu ilikabiliwa na kesi ya jimbo la Maryland, lililokuwa limeitoza kodi benki iliyoundwa na Congress. Katiba haisemi popote kwamba Congress inaweza kuunda benki. Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba inaweza, kwa kuwa benki ni chombo cha kutimizia mamlaka yaliyotajwa, na kwamba jimbo halina uwezo wa kutoza kodi chombo cha taifa zima. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa hiyo ya neno lililoachwa. Sehemu kubwa ya uwezo wa Washington wa leo imesimama juu ya neno ambalo halikuandikwa.

Lakini kabla ya kesi hiyo, walioiasisi nchi walikuwa wamekwisha kubadilishana nafasi. Mwaka wa 1798 chama cha Federalist, kilichoshika serikali chini ya Rais John Adams, kilipitisha sheria ya kuwaadhibu wanaoikashifu serikali, na wahariri wa magazeti ya upinzani wakaanza kushtakiwa na kufungwa. Thomas Jefferson, aliyekuwa Makamu wa Rais, aliandika kwa siri azimio lililopitishwa na bunge la Kentucky, likidai kwamba sheria ya Congress inayovuka mipaka ya Katiba ni batili. Azimio kama hilo la Virginia liliandikwa na Madison, mmoja wa wale waliojiita Publius.

Jefferson alipokuwa Rais mwenyewe, aliinunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka wa 1803 kwa dola milioni 15, ingawa yeye binafsi alikuwa na shaka kama Katiba ilimpa uwezo huo. Kisha mwaka wa 1807 serikali yake ikapiga marufuku biashara na nchi za nje, marufuku iliyoziumiza bandari za kaskazini mashariki. Ikawa zamu ya Federalist, mashabiki wa serikali kuu yenye nguvu, kulalamika. Mwishoni mwa 1814, katikati ya vita vipya na Uingereza, walikutana Hartford, Connecticut, kudai majimbo yao yalindwe dhidi ya Washington.

Hadi hapo mtu anaweza kucheka. Lakini mambo hayachekeshi tena yakifika kwa Margaret Morgan.

Mwanamke huyu alizaliwa Maryland na wazazi waliokuwa watumwa, lakini aliishi kama mtu huru, akaolewa na mwanamume huru, wakahamia Pennsylvania. Mwaka wa 1837 mtu aitwaye Edward Prigg na wenzake, waliotumwa na mrithi wa bwana wa zamani, walimkamata pamoja na watoto wake na kuwapeleka Maryland. Angalau mtoto mmoja alikuwa amezaliwa Pennsylvania, jimbo lisilo na utumwa. Sheria ya jimbo hilo ilikataza kumchukua mtu kwa nguvu namna hiyo, na Prigg akatiwa hatiani.

Mwaka wa 1842 Mahakama ya Juu ilifuta hukumu hiyo. Jaji Joseph Story aliandika kwamba kuwarejesha watumwa watoro ni jukumu la serikali kuu, na jimbo haliwezi kulizuia. Ila aliongeza jambo moja: kwa kuwa jukumu ni la serikali kuu, majimbo hayawezi kulazimishwa kutumia maafisa wao kulitekeleza. Hukumu hiyo haikumsaidia Margaret Morgan hata kidogo. Wapinzani wa utumwa, hata hivyo, waliisoma nyongeza ile wakaona upenyo. Massachusetts ilikuwa ya kwanza kuutumia, mwaka wa 1843, ilipowakataza maafisa wake kushiriki kuwakamata watoro na kupiga marufuku jela za jimbo kutumiwa kuwafungia.

Kusini ilighadhabika na kudai sheria kali zaidi ya serikali kuu, ikaipata mwaka wa 1850. Chini yake, makamishna wa serikali kuu walilipwa dola 10 wakimrejesha mtu utumwani na dola tano wakimwachilia. Raia wa kawaida angeweza kuamriwa kusaidia msako. Machi 1854, Joshua Glover, aliyekuwa ametoroka utumwa Missouri, alikamatwa karibu na Racine, Wisconsin. Umati ulivunja jela ya Milwaukee na kumtoa, naye akafika Canada. Mhariri wa gazeti, Sherman Booth, alishtakiwa kwa kuhusika. Mahakama Kuu ya Wisconsin ikatangaza kwamba sheria ya 1850 ni kinyume cha Katiba, na ikaamuru Booth aachiliwe.

Mwaka wa 1859 Mahakama ya Juu mjini Washington, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, iliamua kwa kauli moja kwamba mahakama ya jimbo haina uwezo huo. Bunge la Wisconsin lilijibu kwa azimio lililoazima lugha ya Kentucky ya 1798, maneno ya Jefferson, aliyekuwa bwana wa watumwa, yakiwa sasa yametiwa kinywani mwa watetezi wa watoro.

Husemwa mara nyingi, hasa na watu wa kusini mwa nchi hiyo, kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikuwa vya kutetea haki za majimbo. South Carolina, jimbo la kwanza kujitenga, ilitoa tamko la sababu zake Desemba 1860, na tamko hilo linawakanusha. Lalamiko lake kuu ni kwamba majimbo ya kaskazini yalitunga sheria za kukwamisha urejeshaji wa watumwa na kwamba serikali kuu haikuyadhibiti. Shtaka la South Carolina lilikuwa kwamba wenzake wamekuwa na haki za majimbo kupita kiasi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuupimia mfumo mzima. Swali la kama jimbo lina haki dhidi ya Washington halina jibu moja, na anayedai kuwa na jibu moja hulisahau serikali ikibadilika. Swali lenye jibu ni lile la Margaret Morgan: mtu aliyekamatwa katikati, mamlaka haya yakimponyoka, yale yatamlinda au yatamkabidhi?

Marekebisho yaliyofuata vita yalijaribu kumpa mtu huyo pa kushika. La 13, la 1865, lilikomesha utumwa. La 14, la 1868, liliyakataza majimbo kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Kwa maandishi, mwananchi aliweza sasa kuishtaki serikali ya jimbo lake mbele ya Katiba ya nchi. Kwa vitendo, majimbo ya kusini yalijenga ubaguzi wa rangi na kuulinda kwa miongo mingi, wakiita ngao yao kwa jina lile lile, haki za majimbo, na Mahakama ya Juu ikawaachia hadi 1954 ilipoamua kwamba shule za kubagua watoto kwa rangi zinavunja Rekebisho la 14.

Septemba 1957 Gavana Orval Faubus wa Arkansas, mwanachama wa Democratic, alitumia Walinzi wa Taifa wa jimbo lake kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya upili ya Little Rock Central. Rais Dwight Eisenhower, wa Republican, aliwaondoa Walinzi hao mikononi mwa gavana, akawatuma askari wa miavuli wa Divisheni ya 101, na watoto wakasindikizwa hadi darasani. Vyama vya leo vimebadilishana viti katika picha hiyo.

Wakili aliyesimama mahakamani kwa niaba ya watoto wa Little Rock alikuwa Thurgood Marshall, na Wakenya wana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Mapema 1960 alikuwa London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika kwa mwaliko wa Tom Mboya, na akaandaa rasimu ya sheria ya haki za kimsingi kwa ajili ya Kenya huru. Alijua kwamba kugawa madaraka peke yake hakumlindi mnyonge. Alikuwa ametoka katika nchi ambamo mtesi mkubwa wa watu wake alikuwa jimbo.

Karne ya 20 iliiongezea Washington silaha ambayo waasisi hawakuifikiria: fedha. Rekebisho la 16, la 1913, liliruhusu kodi ya mapato, na tangu hapo serikali kuu iliyokuwa ikiombaomba ikawa ndiyo inayoombwa. Mwaka wa 1984 Congress ilitaka umri wa kununua pombe uwe miaka 21 nchini kote. Haikuyaamuru majimbo. Ilisema tu kwamba jimbo litakalokataa litapunguziwa fedha za barabara kuu. South Dakota ilikwenda mahakamani, ikashindwa 1987. Mwaka wa 2012, katika kesi ya sheria ya bima ya afya ya Rais Barack Obama, mahakama iliona kwamba kutishia fedha zote za jimbo za kuwatibu maskini kumevuka kishawishi kukawa mtutu wa bunduki.

Kwa hiyo majimbo yamebakiwa na nini? Yamebakiwa zaidi na ile nyongeza ya Jaji Story. Mwaka wa 1997 wakuu wawili wa polisi wa kaunti, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, walipinga sheria ya kuwataka wachunguze rekodi za wanunuzi wa bastola. Jaji Antonin Scalia, kipenzi cha wahafidhina, aliandika hukumu ya kura tano dhidi ya nne kwamba serikali kuu haiwezi kuwageuza maafisa wa jimbo kuwa watumishi wake. Wapenda bunduki walishangilia.

Miaka 20 baadaye California ilitunga sheria ya kuwazuia polisi wake wasiwasaidie maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu kuwakamata watu. Serikali ya kwanza ya Trump ilishtaki. Mahakama ya rufaa iliipa California ushindi katika jambo hilo mwaka wa 2019, ikitegemea kanuni ile ile ya Scalia, na 2020 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Haki iliyopiganiwa kwa ajili ya bastola ikawa kivuli cha wahamiaji. Arizona, kwa upande wake, ilikuwa imejaribu kuwaandama wahamiaji kwa ukali kuliko Washington ya Obama ilivyotaka, na sehemu kubwa ya sheria yake ilibatilishwa mwaka wa 2012. Somo ni jembamba lakini liko: jimbo linaweza kukataa kushika kamba, haliwezi kuikata.

Ndipo tunaporudi kwa wanajeshi. Walinzi wa Taifa wana mabwana wawili. Siku zote huwa chini ya gavana, lakini Katiba inairuhusu Congress kuweka utaratibu wa kuwaita ili kutekeleza sheria za nchi, kuzima maasi na kuzuia uvamizi. Juni 2025 Rais Trump aliwachukua Walinzi wapatao 4,000 wa California na kuongeza wanajeshi 700 wa kikosi cha wanamaji, baada ya maandamano Los Angeles dhidi ya misako ya wahamiaji. Gavana Gavin Newsom alipinga. Haikuwa imetokea tangu 1965 kwa Rais kuwachukua Walinzi wa jimbo bila gavana kuomba. Mwaka huo Lyndon Johnson aliwachukua wa Alabama, ili wawalinde waandamanaji wa Selma waliodai haki ya kura. Safari hii walitumwa kuwakabili waandamanaji.

Sheria aliyoitumia Trump inamruhusu Rais kuwaita Walinzi iwapo hawezi kutekeleza sheria kwa vikosi vya kawaida. Illinois ilisema hali haijafika hapo, na jaji wa Chicago akasimamisha hatua hiyo Oktoba 2025. Desemba 23, Mahakama ya Juu, yenye majaji watatu walioteuliwa na Trump mwenyewe, ilikataa kuiondoa amri ya jaji huyo. Ilisema kwamba vikosi vya kawaida katika sheria hiyo yaelekea ni jeshi la nchi, na serikali haikuonyesha mamlaka ya kulitumia jeshi hilo kutekeleza sheria Illinois. Majaji watatu walipinga. Siku nane baadaye Rais alitangaza kuwaondoa Walinzi Chicago, Los Angeles na Portland.

Uamuzi huo ulikuwa wa muda, na ulihusu sheria moja tu. Haukuigusa Sheria ya Maasi ya 1807, ambayo inampa Rais njia pana zaidi ya kutumia wanajeshi ndani ya nchi, hata gavana akikataa. Hiyo ndiyo aliyoitumia Eisenhower kuwafikisha wanafunzi tisa wa Little Rock darasani.